Re: Injini inachechemea ikienda mbele tu

Bro, umesema injini yako ya mvuke kurudi nyuma inatembea poa, ila mbele inachechemea. Hiyo tayari ni nusu ya jibu, juu kama ni valvu (ile inafungulia silinda mvuke) imekaa vibaya kwa fimbo yake ingesumbua pande zote mbili. Gia yako ya kusukuma valvu ni ya Stephenson, ina ekisentriki mbili (zile sahani za ekseli zenye tundu lisilo katikati) kila silinda, moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, kwa hivyo ya kurudi nyuma usiiguse kabisa!!

Fungua kifuniko cha valvu, weka leva ya kubadilisha mwendo mbele kabisa, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka pistoni ifike mwisho. Usikadirie na macho hapo, pale mwisho gurudumu linazunguka na pistoni ni kama imesimama. Piga alama krosihedi (kile kipande kinachoteleza mwisho wa fimbo ya pistoni) ikikaribia mwisho na nyingine kwa gurudumu, pitisha mpaka krosihedi irudi palepale, piga tena kwa gurudumu, katikati ya hizo mbili ndio mwisho wa kweli. Sasa angalia tundu la mvuke, linafaa liwe limeanza kufunguka kidogo tu kama unene wa karatasi, halafu fanya upande wa pili. Ukipata huku limefunguka sana na huku bado, rekebisha urefu wa fimbo ya ekisentriki ya mbele, lakini kama pande zote zimechelewa kufunguka sawa, zungusha ekisentriki yenyewe kwa ekseli. Mimi yangu ilikuwa skrubu ya ekisentriki imelegea, nimehangaika wiki mbili bure 😅

Jaribu na hewa ya kompresa kwanza kabla ya mvuke, hata ya fundi wa pancha ni sawa, usikie mapigo manne sawasawa kila mzunguko kama ni ya silinda mbili.