Mbona Umepotea?

Jumatatu usiku nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wangu mmoja, na ameniruhusu niuandike hapa bila jina lake. Ni binti wa Songea, ana miezi minane Dar es Salaam. Anaishi Mbagala, anauza duka la vipodozi Mwenge. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri, anagombania daladala, anasimama dukani kutwa nzima, anarudi nyumbani saa tatu usiku. Jumapili anafua na kulala. Akamalizia hivi: "Dada, nyie mnaosema jiji tamu, mnaishi Dar ipi?"

Nilimjibu mistari miwili nikazima simu, lakini usingizi ukagoma. Swali lile niliwahi kujiuliza mwenyewe, mwaka 2018, nikiwa nimekaa juu ya godoro kwenye chumba kimoja Tungi, Kigamboni, na masanduku yangu yamepangwa mpaka dirishani. Kwa hiyo namjibu leo kwa urefu, na nawajibu wote mliokuja mjini kutafuta. Najua mnachotafuta: biashara yako, nyumba yako, wazazi wako wapumzike. Hata mimi ndicho nilichokuja kutafuta.

Nilikuwa na gari. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo panaponiuma. IST ya rangi ya fedha, niliinunua kwa mkopo nikiwa mhasibu kwenye kampuni moja mtaa wa Samora. Miaka minne nilipita katikati ya jiji hili vioo vikiwa juu, kiyoyozi kinapuliza, redio inaongea. Naegesha, napanda ghorofani, jioni nashuka, nakaa kwenye foleni mpaka Kinyerezi. Ungeniuliza Dar ikoje ningekwambia ina joto na foleni, basi.

Februari 2018 tukapunguzwa kazi watu kumi na mmoja. Mei gari likauzwa, pesa ikaenda yote kwenye mkopo. Nikahama Kinyerezi, nikavuka maji, nikapanga Tungi. Rafiki yangu wa karibu kabisa, ambaye nilimsimamia harusi yake, akawaambia wenzetu, "Yule amefulia, akiomba hela msimpe." Niliyapata maneno hayo kwa mtu aliyekuwepo. Miaka imepita na nimemsamehe, lakini siwezi kuwadanganya kwamba nimeyasahau.

Nikapata kazi ya kuandika hesabu za duka moja la vitenge Kariakoo, mshahara haufiki hata nusu ya ule wa zamani. Nikapiga hesabu za nauli nikaona jibu ni moja: pantoni kwa shilingi mia mbili, halafu kutoka Kivukoni mpaka Kariakoo kwa miguu. Kwenda na kurudi, siku sita kwa wiki.

Mwezi wa kwanza nilivumilia tu. Mnaovuka mnajua. Geti likifunguliwa watu wanakimbia kama kuna kinachowafukuza, pikipiki zinapiga honi nyuma ya visigino vyako, ndoo ya samaki inakumwagikia maji kwenye sketi ya kazini. Nami nilikimbia pamoja nao, uso umekunjwa, masikioni nimeziba kwa earphone ili nisiongeleshwe na mtu.

Asubuhi moja pantoni halikuondoka. Mlango wa bandari pale ni mwembamba, meli kubwa ikiwa inapita pantoni lazima lisubiri. Watu wakaanza kuguna, na mimi nikaguna. Halafu meli yenyewe ikatokea, imebeba makontena yamepangwa kama ghorofa, inakuja polepole, ikaziba Kivukoni yote. Hukuona tena mji, uliona chuma tu kinapita mbele ya macho yako. Kelele zikakatika. Mtoto mmoja wa shule, sare ya bluu na nyeupe, akaanza kuhesabu makontena kwa sauti. Alipofika thelathini, mzee mwenye baiskeli pembeni yake akamdakia, "Thelathini na moja!" Mama mwenye ndoo naye akaingia. Tulipofika hamsini na kitu meli ikawa imepita, mji ukarudi, mnara wa kanisa la Azania Front ukaonekana na jua la asubuhi limeupiga, na watu mia kadhaa tusiojuana tukajikuta tunatabasamu. Nilitoa earphone masikioni. Tangu siku ile sijawahi kuzivaa tena kwenye pantoni.

Kesho yake sikukimbia. Niliacha watu wapite, nikaingia mwisho, nikasimama upande ule ule wa ukingo. Mzee wa baiskeli alikuwepo. Nikamwamkia. Keshokutwa akaniwahi yeye: "Leo hakuna meli, mwanangu." Sentensi hiyo moja ilinishikilia mpaka jioni. Nilikuwa na miezi sita katika maisha yangu ambayo hakuna mtu aliyenitarajia mahali popote.

Jambo lenyewe ninalotaka kuwaambia ndilo hilo. Furaha ya mjini unaipata kwa kurudi. Rudi pale pale, saa ile ile, kwa mtu yule yule, mpaka siku usipotokea waulizane. Ukibadilisha viwanja kila wikiendi utabaki mgeni hata ukiishi hapa miaka ishirini.

Karibu na Posta ya Zamani kuna mzee anauza kahawa. Dele lake liko juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo vinaoga kwenye ndoo, kashata za karanga upande huu, za nazi upande ule. Benchi limejaa wanaume, na mazungumzo ni Simba na Yanga kuanzia asubuhi. Siku ya kwanza niliponunua nilikunywa nimesimama, nimegeuza mgongo, maana mwanamke kukaa kijiweni watu wanamwangalia. Siku ya nne mzee akasema, "Msogezeeni dada yenu akae." Wakasogea. Dada zangu mnaosoma, msisubiri kukaribishwa siku nyingi kama nilivyosubiri mimi. Amkia, agiza, kaa.

Mzee yule ndiye aliyenifundisha mji. Siku moja aliniuliza, "Umefanya kazi Samora miaka minne. Pale kwenye Sanamu ya Askari umewahi kusimama ukasoma?" Sijawahi. Nilikuwa naizunguka kila siku na gari, kwangu ilikuwa mzunguko wa barabara tu. Nikaenda asubuhi hiyo hiyo. Ni askari Mwafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, ameinamisha bunduki yenye singe kuelekea bandarini, na maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Ipo hapo tangu 1927. Mzee akaniambia wakubwa zake walikuwa wakiiita Bismini, kwa sababu kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, na jina likabaki kwenye midomo ya watu hata mwenyewe alipoondolewa. Akaniambia pia kwamba huko Kariakoo ninakokwenda ndiko walikowekwa wapagazi wa Carrier Corps, waliobebea mizigo jeshi la Waingereza, na jina la Kariakoo limetoka hapo. Basi safari yangu ya miguu ikawa kutoka kwa askari kwenda kwa wapagazi. Niliitembea asubuhi hiyo kama mtu aliyepewa zawadi, na nilikuwa na elfu mbili mfukoni mpaka Ijumaa.

Kariakoo nako nilikuwa na mama lishe wangu. Wali wa nazi, maharage, mchicha, pilipili ya kukaanga pembeni. Nilikula kwake miezi miwili kabla hajanizoea. Siku moja nimechelewa, saa tisa, chakula kimekwisha, nikageuka niondoke. Akaniita: "Kastama wangu, unakwenda wapi?" Akafunua sahani iliyofunikwa na nyingine. Ndani kulikuwa na wali, na juu yake kipande kikubwa cha ukoko, kwa sababu aliniona siku zote nikiomba ukoko. Aliniwekea tangu saa saba. Nilikula huku machozi yananitoka, nikamwambia ni pilipili.

Mwaka 2019 dengue iliingia Dar na mimi ilinipata. Siku tisa kitandani, mifupa inauma kama imevunjwa. Nilitangaza kwenye kundi la simu la wafanyakazi wenzangu wa zamani, watu niliokaa nao ghorofa moja miaka minne. Wawili waliweka emoji ya pole. Hakuna aliyepiga simu. Nilikaa na simu mkononi siku nzima, nikaelewa kwamba miaka ile yote nilikuwa najulikana kwa cheo na gari, na vyote viwili vilikuwa vimeshaondoka.

Siku ya kumi nikavuka, natembea nashika ukuta. Kabla sijafika kwenye benchi mzee wa kahawa akasimama na dele mkononi. "Mbona umepotea, binti yangu? Tumekuulizia hapa. Huyu kasema umesafiri, yule kasema umepata kazi kwingine, mimi nikasema huyu angeaga." Akanimiminia kahawa ya tangawizi, akakataa hela yangu. Mama lishe naye mchana akaja kunishika paji la uso mbele ya wateja. Nilipewa mambo hayo mawili bure, katika jiji ambalo watu wanasema halina huruma.

Sasa sikilizeni, nami nasema haya kwa sababu nawapenda. Mnaahirisha kuishi. Mnasema nikipata gari, nikihamia Mbezi, nikimaliza ujenzi. Asubuhi mnapita mbele ya watu mia mbili na hamjui hata sauti ya mmoja wao, macho yote kwenye simu, mnaangalia mtu mwingine akila Dubai. Jumamosi mnakwenda Coco Beach kupiga picha na muhogo ambao hamkumsalimia anayeuchoma. Nami naupenda sana muhogo wa Coco, na chachandu yake, lakini nenda kwa meza moja. Nenda Jumamosi hii na Jumamosi ijayo, meza hiyo hiyo. Jua anayekuhudumia anatoka wapi, mwanawe anasoma darasa la ngapi. Usipojua mtu, mji wote utabaki kuwa foleni na joto, kama ulivyokuwa kwangu.

Na salamu isiwe ya haraka. "Mambo" unaitupa huku umeshapita, hiyo haihesabiki. Simama. Mkubwa mpe shikamoo yake, ungoje marahaba. Muulize ameamkaje, ungoje ajibu.

Kuna watakaosema, wewe unaongea hivyo kwa sababu huna uwezo. Uwezo ninao. Leo nina ofisi yangu ndogo ya hesabu hapo hapo Kariakoo, nina vijana watatu ninaowalipa mshahara kila mwezi bila kuchelewa, na wateja wangu wa kwanza watano niliwapata kwenye benchi la kahawa na kwenye meza ya mama lishe. Mwaka jana nimenunua kiwanja Kibada. Gari ningeweza kulichukua kesho, na yule aliyesema nimefulia aliniona feri mwezi uliopita, yeye kwenye gari kapandisha vioo, mimi nimesimama ukingoni na watu wangu. Alishusha kioo akanisalimia. Nilimwitikia vizuri. Nilitaka ashuke aje asimame nasi kidogo aone maji, lakini hakushuka.

Turudi kwako, mdogo wangu wa Mbagala. Sikwambii ratiba yako ni nyepesi, naijua daladala ya saa kumi na moja. Lakini lazima unakula asubuhi. Chagua mama mmoja wa vitumbua pale kituoni unapopandia, nunua kwake kila siku, usiende kwa mwingine hata kama yuko karibu zaidi. Mwamkie. Mwambie umetoka Songea, usione haya. Nipe mwezi mmoja wa jambo hilo tu, usiongeze lingine. Rudi pale pale, saa ile ile.

Na kuna jambo limetokea wiki hii. Tangu Alhamisi iliyopita mzee wa kahawa hayupo. Siku ya kwanza nilidhani amechelewa. Siku ya pili benchi lilikuwa limesimamishwa ukutani, na tulibaki tumesimama watu wanne tunaangaliana. Ijumaa jioni kijana mmoja wa kijiweni akapata namba ya mkwe wa mzee. Mguu umemvimba, yuko kwao Mkuranga, hawezi kutembea. Nilipopewa simu niongee naye, nilijikuta nimeanza na maneno yake mwenyewe: "Mzee, mbona umepotea?" Akacheka, akauliza kama Yanga wameshinda.

Tumechanga. Jumapili hii tunakwenda kumwona, watu saba, tumekodi Noah moja, na mama lishe anapika wali wa nazi wa kubeba. Njia yetu ni Barabara ya Kilwa, kwa hiyo tutapita Mbagala Rangi Tatu kama saa mbili na nusu asubuhi. Najua Jumapili unafua. Nafasi moja ipo kiti cha nyuma. Nimekutumia namba ya dereva, ukituona tunasimama kituoni, njoo upande.