Dodoso 243 au leja 40? Kupima upungufu wa dawa vituoni

SWALI

Habari za kazi, wataalamu. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma. Utafiti wangu unauliza kama mfumo wa kielektroniki wa ugavi wa dawa, eLMIS, pamoja na utaratibu wa mshitiri (msambazaji binafsi aliyeteuliwa kuuza dawa ambazo Bohari ya Dawa ya serikali haina), umepunguza upungufu wa dawa katika zahanati na vituo vya afya vya halmashauri tatu za mkoa huu. Orodha niliyo nayo ina watumishi 620 katika vituo 120. Kwa kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli nimepata watu 243, nami nataka kuwapa dodoso la kukubali au kukataa kwa ngazi tano. Msimamizi wangu wa biashara ameridhika na anataka nitumie modeli ya kukubali teknolojia. Msimamizi wa afya ya jamii anasema dodoso halipimi dawa. Nimebakiwa na miezi minne na nauli ya kuzunguka vituoni ni ya kubana. Nimsikilize nani?

Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma

JIBU

Ndugu mwanafunzi, hesabu yako haina kosa: 620 ukigawa kwa 2.55 (yaani 1 + 620 × 0.05²) unapata 243. Shida ni kwamba umehesabu watu, na swali lako linauliza habari za rafu ya dawa. Mtumishi anaweza kukubali kabisa kwamba mfumo umerahisisha kazi huku ALu, dawa ya malaria, ikiwa imeisha tangu wiki mbili zilizopita. Tena utafika na barua kutoka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na mtu akiiona barua ile hujibu kwa tahadhari. Msimamizi wa afya ana hoja, mfuate. Lakini wa biashara naye usimwache mikono mitupu; nitafika huko.

Kwanza elewa kwa nini watu 243 si wengi kama wanavyoonekana. Yamane inachukulia kwamba kila mtu amechaguliwa peke yake. Wewe utakuta watumishi watatu katika zahanati moja, wanatumia stoo moja na mganga mfawidhi mmoja, na majibu yao yatafanana. Tuseme mfanano wao ni 0.3. Kanuni ya athari ya mkusanyiko ni 1 + (m − 1) × mfanano, m ikiwa idadi ya watu kwa kituo, hivyo 1 + 2 × 0.3 = 1.6. Gawa 243 kwa 1.6: una taarifa sawa na za watu 152 tu. Mtahini anayejua takwimu atakuuliza hilo dakika ya kwanza.

Kizio chako, yaani kile unachokichagua na kukipima, kiwe kituo. Chagua vituo 40 kati ya 120, ukivigawa kwanza kwa ngazi (zahanati peke yake, vituo vya afya peke yake) na kwa halmashauri, kisha uchague kwa bahati nasibu ndani ya kila kundi. Usichague vilivyo kando ya lami. Vituo vya pembezoni ndivyo mvua inavyovitenga na barabara, na ukiviacha, jibu lako litakuwa zuri kuliko hali ilivyo.

Kwa nini 40? Anza na majaribio ya vituo vitano ambavyo havitaingia kwenye sampuli, upate makadirio ya jinsi vituo vinavyotofautiana. Ukikuta mkengeuko wa kawaida ni asilimia 12, basi kwa vituo 40 wastani wako utakuwa na pengo la takriban asilimia 3.7 kila upande, na ukizingatia kwamba umechukua theluthi nzima ya vituo vyote, pengo linashuka hadi kama 3. Kwa vituo 20 lingekuwa zaidi ya 5 kabla ya marekebisho hayo. Kuongeza watu wa kuhojiwa ndani ya kituo kilekile hakupunguzi pengo hili hata kidogo. Nauli yako itumie kufikia vituo vingi.

Sasa leja, na hapa ndipo kazi ilipo. Chukua dawa za kiashiria (dawa chache muhimu zinazowakilisha nyingine) zisizozidi kumi na kipindi cha miezi 12 kamili. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na katika msimu huo magonjwa hubadilika na magari hukwama. Ukilinganisha miezi sita ya masika na sita ya kiangazi utakuwa umepima mvua. Kwa kila dawa andika tarehe ambayo salio lilifika sifuri na tarehe iliyopokelewa tena. Jumlisha siku za kuishiwa, gawa kwa 365, zidisha kwa 100. Hicho ndicho kipimo chako kikuu.

Makosa yatakayokuharibia kipimo hicho ni haya. Leja ya stoo ikisoma sifuri haimaanishi mgonjwa amekosa dawa, kwa kuwa kopo la mwisho linaweza kuwa limehamia dirisha la dawa. Hesabu vyote viwili siku ya ziara. Oksitosini, sindano ya kuzuia kutokwa damu baada ya kujifungua, haikai stoo, huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ulizia jokofu kabla ya kuandika kwamba haipo. Dawa iliyokwisha muda wake ihesabiwe kama haipo hata kama boksi limejaa. Nafasi tupu kwenye leja si sifuri: iwekee alama yake ya pekee, la sivyo mtunza leja mzembe ataonekana ana upungufu mkubwa kuliko mwenzake aliye makini. Na dawa ambayo ngazi ya zahanati haipaswi kuwa nayo iondoe kwenye hesabu ya zahanati.

ALu inahitaji uamuzi wa mapema. Inakuja katika pakiti nne kwa uzito wa mgonjwa: 1×6, 2×6, 3×6 na 4×6, yaani vidonge vya kila dozi mara dozi sita. Ya watu wazima, 4×6, ikiisha, mhudumu huunganisha pakiti mbili za 2×6, na mgonjwa anaondoka na dozi kamili. Je, kituo kimeishiwa? Ninavyoona mimi, andika vipimo viwili: siku ambazo pakiti zote nne hazikuwepo, na siku ambazo angalau moja haikuwepo. Cha kwanza kinamhusu mgonjwa wa leo. Cha pili kinaonyesha ugavi ulioanza kuyumba, maana anayeunganisha pakiti za watoto anawamalizia watoto dawa yao ya wiki ijayo. Tasnifu inayotoa namba moja tu bila kusema ni ipi haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Ukiwa na leja mkononi, fanya jaribio la mizani: salio la mwanzo, jumlisha kilichopokelewa, toa kilichotolewa, lazima ulingane na salio la mwisho. Kwa mfano 600 + 1,000 − 1,150 ni 450. Ukihesabu kwa mkono ukakuta 380, andika tofauti ya 70 na uulize kwa upole. Mara nyingi ni dawa iliyoazimwa na zahanati jirani, au iliyoharibika bila kuandikwa. Usiandike neno wizi kwenye fomu yako. Huna ushahidi huo, na kituo kizima kitakufungia mlango.

Nirudi kwa msimamizi wa biashara. Modeli ya kukubali teknolojia, ya Davis ya mwaka 1989, inatabiri kama mtu atapenda kutumia mfumo. Katika kituo cha serikali kutumia mfumo ni agizo, kwa hiyo nia ya kutumia haitatofautiana sana kati ya watu, na kitu kisichotofautiana hakielezi chochote. Isitoshe, vituo vingi vidogo vimekuwa vikijaza fomu ya R&R (taarifa na maombi ya dawa) kwenye karatasi na kuipeleka wilayani iingizwe huko. Mtumiaji halisi wa eLMIS anaweza kuwa Mfamasia wa Wilaya peke yake, nawe ukawa umewauliza wauguzi 200 kuhusu skrini ambayo hawajawahi kuigusa. Swali la kwanza la ziara liwe: nani huingiza taarifa, wapi, kwa kifaa gani?

Modeli ya DeLone na McLean, hasa toleo lao la 2003, inakufaa zaidi kwa sababu inaanza na ubora wa mfumo na wa taarifa, inapita kwenye matumizi, inaishia kwenye manufaa. Igeuze kuwa mnyororo unaoweza kuupima: taarifa ya R&R ni sahihi na imewahi? Agizo limekamilishwa? Dawa imekaa rafuni? Kiungo cha kwanza ni cha mifumo ya habari, cha pili ni cha sera ya manunuzi, cha tatu ni cha afya. Hapo wasimamizi wote wawili wana sehemu yao.

Kiungo cha kwanza kina kipimo kizuri ambacho wengi hukiruka: wastani wa matumizi kwa mwezi. Tuseme katika siku 60 kituo kimetoa vidonge 1,800, lakini siku 15 hakikuwa na dawa. Asiyerekebisha hugawa kwa miezi miwili na kuandika 900. Hesabu sahihi ni 1,800 gawa kwa siku 45 zilizokuwa na dawa, zidisha kwa 30, unapata 1,200. Kituo kilichoandika 900 kitaagiza robo pungufu, kitaishiwa mapema zaidi, na mzunguko unaofuata kitaandika hata chini ya hapo. Mfumo wa kielektroniki hupokea siku za kuishiwa kama alivyoziandika mtumishi. Akiacha sifuri, kompyuta itakokotoa kosa lilelile kwa kasi. Linganisha siku za kuishiwa zilizo kwenye R&R na zile ulizozitoa kwenye leja, kituo kwa kituo. Nikiwa nachagua sura moja ya kukupa alama, ni hiyo.

Kwa kiungo cha pili, kumbuka mshitiri ni mlango wa pili. Kituo huagiza Bohari ya Dawa kwanza. Kile ambacho Bohari haina ndicho kinachopitishwa halmashauri kwenda kwa mshitiri. Kusanya tarehe nne za kila agizo: kuomba, jibu la Bohari, idhini ya halmashauri, kupokea. Pata pia kiasi kilichopokelewa ukigawa kwa kilichoagizwa. Utashangaa mara ngapi siku nyingi zimekaa kwenye kusubiri saini au salio la akaunti ya kituo, wala si kwa msambazaji. Kwa hiyo rekodi pia fedha zilizokuwepo siku ya kuomba.

Badili na kichwa cha utafiti. Mshitiri ulianzia mkoa wetu wa Dodoma mwaka 2014, ukaenda Morogoro na Shinyanga, kisha nchi nzima. Huna mkoa usio na mfumo wa kulinganisha nao, na leja za kabla ya 2014 usizitegemee. Neno “umepunguza” hutaweza kulithibitisha. Uliza badala yake kwa nini vituo vilivyo chini ya mfumo mmoja vinatofautiana katika siku za kuishiwa. Uchambuzi uwe wa ngazi mbili, dawa ndani ya kituo. Zile seli 4,800 utakazopata, vituo 40 mara dawa 10 mara miezi 12, usizichukulie kama vitu 4,800 huru.

Dodoso lisitupwe. Lipunguze hadi kurasa mbili, mpe mtu mmoja kwa kituo, yule anayejaza R&R, na umuulize mambo anayoyajua: alifundishwa lini, anahesabuje wastani, nani humrudishia mrejesho.

Kuhusu vibali, anza leo maana vinakula wiki nyingi kuliko ukusanyaji wenyewe. Baada ya idhini ya maadili, barua hushuka kutoka chuoni kwenda TAMISEMI, Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, ndipo mganga mfawidhi. Omba kibali kitaje leja, R&R na hati za kupokelea kwa majina yake; “nyaraka za kituo” haitoshi, utarudishwa mlangoni. Leja haina majina ya wagonjwa, vitabu vya MTUHA vya kuandikishia wagonjwa vinayo. Usipige picha MTUHA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama simu ni yako.

Kwa simu tumia KoboToolbox, programu ya kukusanyia data, inafanya kazi bila mtandao na kutuma ukirudi mjini. Weka sharti kwamba tarehe ya kupokea isitangulie tarehe ya kuisha. Leja za vituo vinne kati ya 40 zitolewe upya na mtu wa pili asiyeona namba zako. Mkitofautiana zaidi ya siku mbili kwa dawa moja, rudini kwenye ukurasa ule mkiwa pamoja kabla hamjaondoka kituoni.