Kamera inayozunguka njia ndefu
Mdogo wangu wa Bagamoyo, unasema kamera ya gemu lako ikitoka digrii 350 kwenda 10 inazunguka karibu duara zima, na kwenye simu ya zamani inajikokota. Hapa Tanga jambo hilo lilinitoa jasho wiki nzima, jahazi la gemu langu likiingia bandarini kinyumenyume. Kompyuta inarudi nyuma digrii 340 badala ya kusonga mbele 20 tu. Achana na pembe. Tumia kwatenioni (namba nne zinazoeleza mzunguko mmoja) na slepu, yaani kusogea taratibu kutoka kwatenioni moja hadi nyingine, njia aliyoieleza Ken Shoemake mwaka 1985. Kwanza zidisha kila namba ya kwatenioni ya kuanzia na ya mwenzake ya kufikia, ujumlishe. Jibu likiwa hasi, geuza alama zote za moja, ili kamera ipite njia fupi. Hili usiliruke kabisa!

Simu ya zamani nayo huchora fremu (picha za skrini) chache kwa sekunde: badala ya kusogeza kamera 0.1 ya safari iliyobaki kwa kila fremu, weka 1 − e^(−8t), e ikiwa namba 2.718 hivi na t ikiwa sekunde tangu fremu iliyopita.