Picha za soko lililoungua, nizifute?

SWALI: Shikamoo shangazi. Soko la mtaani kwetu huku Likoni liliungua usiku, asubuhi nikaenda kupiga picha za mabati kwa karibu sana mpaka hujui ni kitu gani, unaona rangi tu. Mama mmoja aliyepoteza kibanda akaniambia ati naremba msiba wake. Nizifute?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifute, lakini huyo mama ana haki. Bati likipata moto mkali ile zinki ya juu huyeyuka, kwenye nyuzi 420 hivi, chuma kinabaki wazi na kwa hii hewa yetu ya chumvi kutu haikawii, ndo hizo rangi za machungwa ulizoziona, na ni nzuri kweli, ile uliyonitumia ya kijiko kimegandia kwenye plastiki niliitazama mpaka chai ikapoa. Shida ni kuwa ukisogea karibu hivyo, mwenye kijiko anatoka kwenye picha.

Rudi kwake bila kamera, mpe pole, kisha muonyeshe kwenye simu umuulize. Akikataa ya kibanda chake, iweke kando, basi. Akikubali, chini ya picha andika soko gani, tarehe gani, na pale palikuwa panauzwa nini. Na uweke moja ya mbali, soko zima lionekane. Sisi tuliokuwa hapa feri ilipozama Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa, hata ukinionyesha kipande cha rangi yake tu nitataka kwanza kuambiwa ni cha nini.