Uliza Kuhusu Nishani: "Mwanangu hakwenda vitani, medali hii ni ya nini?"

SWALI: Kijana wangu ni sajini katika jeshi la Marekani, fundi wa helikopta huko Kentucky. Alipokuja likizo aliniachia kiboksi chenye medali ya shaba pamoja na cheti cha Kiingereza. Ina tai na nyota, na utepe wa rangi ya damu ya mzee wenye mistari miwili myeupe. Shemeji yangu, mwanajeshi mstaafu, aliitazama akasema hizo hupewa watu wa ofisini tu. Ni ya nini hasa? Na naweza kuisugua kwa limau na majivu ing'ae? – Mama wa Sajini, Kitale

JIBU: Mama, kwanza hongera. Kwa jinsi ulivyoieleza, hiyo ni Medali ya Utumishi Uliotukuka ya Marekani (kwenye cheti: Meritorious Service Medal), na shemeji yako ameipunguzia hadhi bure.

Nishani nimezishika tangu nikiwa stoo ya sare jeshini, na hii naipenda kuliko nyingi zenye jina kubwa, kwa sababu ilitungwa makusudi kwa watu kama mwanao. Tangu 1944 Wamarekani walikuwa na Nyota ya Shaba kwa askari aliyefanya vizuri katika operesheni dhidi ya adui. Lakini yule aliyebaki kambini akihakikisha ndege zinaruka na kurudi salama, au akifundisha makuruti, hakuwa na nishani ya kiwango hicho. Juu ya kiwango hicho kulikuwa na nishani ya Legion of Merit, ambayo kwa kawaida iliishia vifuani mwa wakubwa. Chini yake kulikuwa na medali za pongezi. Katikati hapakuwa na kitu.

Rais Lyndon Johnson alitia saini amri ya kuianzisha Januari 16, 1969, zikiwa zimebaki siku nne aondoke Ikulu. Siku hiyo medali ilikuwa na jina na sheria, lakini sura haikuwa nayo bado. Mchoro, kazi ya Jay Morris, uliidhinishwa Machi 20, Rais Nixon, aliyempokea Johnson, akiwa tayari madarakani.

Sasa itoe kwenye kiboksi tuitazame. Ile nyota ya ncha tano nyuma ya tai ni utumishi wa jeshi, na ndani yake zimechorwa nyota mbili ndogo. Kwenye ncha tatu za juu inatoka miale sita. Hapo ndipo mchoraji aliponikamata moyo, maana miale hiyo ni juhudi isiyokatika ya mtu anayetaka kazi yake iwe bora. Hakuna upanga wala bunduki popote. Tai ni taifa lenyewe, naye amesimama juu ya matawi mawili ya loreli, alama ya mafanikio. Rangi za utepe zimefuata zile za Legion of Merit, ili ionekane kwamba hizi mbili ni ndugu.

Igeuze. Maandishi yanazunguka, na katikati pameachwa wazi kwa jina la mwenyewe. Sonara mzuri anaweza kulichonga, ila mwulize mwanao kwanza. Akiipata mara ya pili hatapewa medali nyingine. Jeshi la nchi kavu huongeza alama ndogo ya majani ya mwaloni kwenye utepe.

Shemeji huenda amesema vile kwa kuwa maofisa wengi hupewa hii wanapohama kituo au kustaafu. Basi sajini kuipata akiwa bado kazini ni jambo zito! Pendekezo huandikwa na kiongozi wake kwenye fomu, akieleza alichofanya, kisha hupanda ngazi hadi kwa mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Tafuta mtu akutafsirie cheti neno kwa neno, shemeji akiwepo.

Na limau, tafadhali usiiguse nalo. Asidi yake hula rangi ya shaba, majivu hukwaruza, na zile nyota ndogo ndizo zitakazofutika mwanzo. Ishike pembeni, ipanguse kwa kitambaa laini kikavu, uirudishe kwenye kiboksi. Cheti kitie fremu ukitundike ukuta usiopigwa na jua, kwa sababu medali ikipotea inaweza kuombwa nyingine, na cheti ndicho kinachosema ni mwanao aliyepewa.