Barua kwa binti yangu: breki za ile Datsun

Moshi, Jumapili usiku

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu, mvua zimeanza na mlima haujaonekana wiki nzima.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umepata kalipa mbili, zile zinazobana pedi kwenye diski, za Hilux ya zamani pale Unga Limited, Arusha, lakini fundi wako anakwambia hizo ni za gari la mizigo, achana nazo. Anataka uagize seti kubwa kutoka Uingereza, diski pana na kalipa za pistoni sita, ndipo hiyo Datsun 240Z yako ya mwaka 1972 isimame kama gari la kisasa. Unaniuliza ufuate lipi.

Fuata za Hilux. Ila usizifunge kwanza.

Kuna siku nilikosa breki, na sijawahi kukusimulia. Ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa na pikapu ya Peugeot 504, nashuka Marangu kwenda Himo, nyuma nimepakia mikungu ya ndizi mpaka imepita kingo. Nawahi soko. Nikaliacha kwenye gia ya nne, nikawa nashuka kwa mguu wa breki tu. Kona ya kwanza ikashika, ya pili ikashika. Ya tatu pedeli ikawa laini, kama unakanyaga mkate. Ya nne ikazama hadi sakafuni. Nikapampu, hamna kitu. Nikairudisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikapiga kelele ambayo sijaisikia tena, nikavuta hendibreki na kulikwaruza gari ubavu kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama, tairi moja imeingia kwenye kahawa za watu. Mikono ilitetemeka hata ufunguo nikashindwa kuuchomoa.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilipokanyaga tena, pedeli ilikuwa juu, ngumu, nzuri kabisa. Gereji niliyolipeleka, fundi alilala chini akatazama kila paipu, hakuona hata tone. Akasema breki ni nzima, labda nilishtuka tu. Nikamwamini. Nikaendelea kubebea watu mizigo na mafuta yaleyale ya breki.

Mafuta yalikuwa ya zamani, mama, ndiyo sababu. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, kidogo kidogo, kupitia mipira na kifuniko. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakishalowa kiwango chake kinashuka mpaka kama 140. DOT 4 ni 230, yakilowa ni 155. Ukishuka mlima umekanyaga breki, joto la diski linapita kwenye pedi na pistoni mpaka kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mvuke. Mafuta hayaminyiki, mvuke unaminyika, kwa hiyo nguvu yote ya mguu wako inaishia kuuminya mvuke. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa majimaji na hakuna fundi atakayeona kitu.

Sasa hiyo Datsun ilisimama bandani miaka mingapi kabla hujaichukua? Chomoa mafuta kidogo, weka kwenye chupa ya kioo, inua juani. Mapya yana rangi ya chai ya rangi nyepesi sana, au hata maangavu kama maji. Yako nina hakika ni kahawia kama ya uji wa ulezi. Yamwage yote.

Na hosi, mipira inayopeleka mafuta kwenye kalipa. Ile uliyoniachia hapa Krismasi nimeipasua kwa wembe juu ya meza. Nje ilikuwa safi, haina ufa. Ndani mpira umevimba, tundu lililobaki halipitishi njiti ya kiberiti. Mguu unasukuma mafuta kwa nguvu yanapita, lakini kurudi hayarudi upesi, kwa hiyo pedi zinabaki zinakwaruza diski na kuzalisha joto muda wote. Ungefunga kalipa za bei yoyote juu ya hosi kama ile, zingeungua. Nunua hosi mpya tatu au nne, kadiri zilivyo kwenye gari lako, zote kwa mpigo mmoja.

Baada ya hapo ndipo tuongee kalipa. Datsun yako ilitoka kiwandani na diski za mbele za milimita 271, nzima zisizo na mapengo ya hewa katikati, kalipa za pistoni mbili, na breki za ngoma nyuma. Kwa gari la kama tani moja zinatosha kusimama mara moja. Tatizo ni mteremko. Fanya hesabu hii: gari la tani moja likishuka kimo cha mita 500 kwa breki peke yake, joto linaloingia kwenye breki ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa mara 12 na ushee, mfululizo. Usitegemee kalipa kukuokoa hapo. Shuka na gia uliyopandia, kama nilivyokufundisha.

Lakini hizo za Hilux zinasaidia kweli. Ni za pistoni nne, zile za fobaifo ya kati ya 1979 na 1985, zinazojulikana kwa namba S12-8, na Mungu ni mwema: matundu yake ya bolti yanakaa kwenye Datsun yako bila kuchomelea chochote, juu ya diski ileile nzima, ndani ya ringi zako za inchi 14. Kitakachozuia ni bati la vumbi la nyuma ya diski, litakatwa kidogo. Kagua namba vizuri, maana kuna nyingine, S12W, inafanana nayo lakini inataka diski nene yenye mapengo ya hewa. Zile za Uingereza zitataka ringi kubwa zaidi, na siku sili ikipasuka utasubiri kifurushi wiki kadhaa. Sili za Hilux utazipata hapohapo Arusha.

Zifungue zote. Pistoni yenye kutu hata kidogo sehemu inayopita sili, itupe. Weka sili mpya, paka mafuta ya breki yenyewe, na ukimwona fundi ananyoosha mkono kwenye kopo la grisi ya kawaida au oili ya injini, mzuie. Hizo huvimbisha mpira wa breki. Na angalia kinipo cha kutolea upepo kiwe juu. Ukikosea ukafunga ya kulia kushoto kitakaa chini, hewa itabaki imejificha juu na utabilidi, yaani kutoa hewa, mpaka kuche.

Pistoni nne zinakula mafuta mengi zaidi, kwa hiyo pedeli itashuka zaidi. Wengi hubadilisha masta silinda, pampu inayosukumwa na pedeli, kutoka ile ya milimita 22.2 kwenda ya 23.8. Inasukuma mafuta zaidi kwa asilimia kama 15, ila mguu nao utakanyaga kwa nguvu zaidi kwa kiasi hichohicho. Jaribu kwanza na uliyonayo, ikiwa sili zake ni mpya. Mimi napenda pedeli inayoongea na mguu kuliko iliyo ngumu kama jiwe.

Nyuma acha ngoma. Zisafishe, weka lainingi mpya, zirekebishe. Usimruhusu mtu akuongezee nguvu nyuma: tairi za nyuma zikikaza kabla ya za mbele, gari linageuka, na kwa gari fupi jepesi kama hilo hupati muda wa kulirudisha. Na hizo tairi zako za zamani zibadilishe kabla ya yote. Zimekauka.

Najua kwa nini umelipenda. Nilikuwa kijana mdogo 240Z iliposhinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1971, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na siku zile Safari ilikuwa ya Afrika Mashariki yote. Tulijifanya sisi ndio madereva, tunakimbia na matairi ya baiskeli. Ulipolileta nyumbani niliingia ndani kidogo. Nadhani mama yako alikwambia.

Usilipeleke popote kabla sijafika, hata dukani. Hasa usije Moshi nalo. Ule mteremko wa Daraja la Kikafu naufahamu. Jumamosi napanda basi la asubuhi, nakuja na spana zangu za paipu na chupa ya kubilidi. Tutafunga pamoja, wewe utakanyaga, mimi nitafungua. Pedi zikikaa sawa tutazizoesha kwenye barabara tambarare, kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 10 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha tuendeshe taratibu zipoe.

Nunua DOT 4, chupa mbili, zilizofungwa. Ukikuta iliyofunguliwa dukani, hata kama wanakupunguzia bei, iache.

Baba yako