Pipa Kupoteza Umbo Linapokauka

Ndugu fundi, umeeleza kwamba mapipa ya mbao unayounda hapo Gikomba, Nairobi, hutoka kwenye mvuke yakiwa duara kamili, lakini ukiyaanika juani hugeuka umbo la yai na kuachia nyufa. Naamini tatizo ni jua lenyewe. Mbao husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, hivyo upande unaoelekea jua hunywea mapema, na pete ya chuma iliyokaza hubaki ikicheza. Yaweke kivulini penye hewa, uyageuze kila siku, wala usivue pete. Zigonge pete hizo kwa nyundo kuelekea tumboni, yaani katikati palipo panene, ukizunguka kidogo kidogo, kila unapoona mwanya unaopitisha ukucha. Baridi ya Julai itachelewesha kazi, nami nakusihi usiyarudishe juani.